Ukurasa wa Katuni ni Mswada: Tuusome Kabla ya Kuutundika

Mwezi wa Januari 2022, katika mnada wa kampuni ya Heritage Auctions nchini Marekani, ukurasa mmoja wa katuni uliuzwa kwa dola milioni 3.36. Haikuwa bei ya kitabu kizima. Ulikuwa ukurasa wa 25 wa toleo la 8 la Secret Wars, uliochorwa na Mike Zeck mwaka 1984, ambamo Spider-Man anapata lile vazi lake jeusi. Nilipowasimulia wenzangu habari hiyo tukisubiri somo la mchana, mmoja aliniuliza: «Ndugu, dola milioni tatu kwa karatasi? Na huyo mtu mwenyewe aliyechorwa hata hayuko duniani?» Tulicheka sote, kisha kila mtu akaingia darasani.

Swali lake lilibaki nami. Bei hiyo siitetei wala siipingi. Mwenye pesa zake hutumia atakavyo. Ninalotaka kusema ni jingine. Karatasi hizo ni miswada, kwa maana ileile tunayofundishwa katika kitivo hiki, na sisi tunaojifunza lugha tuna sababu ya kuzijali kuliko hata wale wanaozinunua. Biashara ya kuzikusanya imeziokoa zisipotee. Lakini biashara hiyohiyo imewazoeza watu kuzitazama bila kuzisoma.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Kitabu cha katuni tunachokijua ni chapa, na nakala zake ni maelfu kwa maelfu. Ukurasa wa asili ni ile karatasi nene ambayo mchoraji aliilaza mezani kwake. Ni mkubwa kuliko ukurasa uliochapwa: hadi karibu mwaka 1967 sehemu iliyochorwa ilikuwa na upana wa sentimita 32 hivi na urefu wa 47, baadaye ikapungua kuwa karibu 25 kwa 38. Mchoraji alianza kwa penseli. Mwandishi wa herufi akaandika maneno kwa mkono ndani ya viputo. Mtu mwingine akapitisha wino juu ya penseli. Mhariri akatia maagizo yake, mara nyingi kwa penseli ya buluu hafifu ambayo kamera ya kiwandani haikuiona. Kosa lilifunikwa kwa rangi nyeupe, au kwa kipande cha karatasi kilichobandikwa juu yake. Rangi za kitabu ziliongezwa kando, kwa hiyo ukurasa wenyewe ni mweusi na mweupe.

Msomaji aliyenunua kitabu hakuona hata kimoja cha vitu hivyo. Hakuona neno lililofutwa, wala kiputo kilichohamishwa, wala agizo la mhariri. Mwenzetu yeyote aliyewahi kulinganisha mswada wa utenzi na toleo lake lililochapwa atatambua hali hii mara moja. Kuna matini iliyosafishwa, na kuna karatasi inayoonyesha jinsi usafi huo ulivyopatikana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Jack Kirby. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Marvel ilikuwa na utaratibu wake wa kazi. Stan Lee alizungumza na mchoraji juu ya kisa, wakati mwingine kwa maneno machache tu. Mchoraji alikwenda nyumbani, akachora kurasa zote, akiamua mwenyewe nani anaingia wapi na kila jambo linachukua picha ngapi. Baadaye ndipo Lee alipoandika mazungumzo, juu ya picha zilizokwisha kuchorwa. Ili Lee azielewe picha hizo, Kirby alizoea kuandika pambizoni, kwa penseli, maelezo mafupi ya kila picha: huyu anasema hivi, yule anashtuka kwa sababu hii. Kitabu kilipochapwa, pambizo liliachwa nje.

Kwa hiyo katika karatasi moja tunazo matini mbili za kisa kimoja. Ndani ya viputo mna maneno ya Lee. Nje ya fremu mna maneno ya Kirby. Mara nyingi yanakubaliana. Mara nyingine yanaachana, na hapo ndipo penye utamu kwa mtu wa fani yetu. Katika Fantastic Four namba 66 na 67, za mwaka 1967, wanasayansi fulani wanamuumba kiumbe kamili. Katika kitabu kilichochapwa wanasayansi hao ni waovu. Waliochunguza kurasa za asili na maelezo ya pambizoni wametetea kwa hoja nzito kwamba Kirby alikusudia watu wenye nia njema, na kwamba uovu wao uliingia wakati wa kuandika mazungumzo. Picha hazikubadilika. Maneno ndiyo yaliyowageuza watu.

Mjadala kuhusu nani hasa aliyebuni mashujaa wa Marvel umedumu miaka mingi na umefika hadi mahakamani. Warithi wa Kirby na kampuni walipatana mwaka 2014, kabla Mahakama Kuu ya Marekani haijaamua kama itaisikiliza kesi. Kirby alifariki mwaka 1994, Lee mwaka 2018. Mashahidi waliobaki ni karatasi. Sisemi kwamba pambizo linathibitisha kila kitu: mazungumzo ya awali kati ya watu wawili chumbani hayakuandikwa popote, na maelezo ya Kirby hayawezi kutuambia Lee alimwambia nini kabla hajashika penseli. Lakini bila pambizo tungebaki na neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine.

Labda nisingelijali sana jambo hili kama lisingenigusa mimi mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa nakusanya maneno ya Kisanga kwa ajili ya kazi yangu ya utafiti. Mzee mmoja alitamka neno kwa toni ambayo sikuitarajia. Nikaandika nilivyosikia, na pembeni nikatia alama ya kuuliza. Niliporudi nyumbani niliona aibu kwa daftari langu: lilikuwa chafu, limejaa maneno yaliyokatwa na mishale inayokwenda huku na huko. Nikanakili yote kwa wino katika daftari jipya. Nilipolifikia neno lile, nikadhani nilikosea kusikia, nikalisahihisha lifanane na mengine. Daftari la kwanza tuliwashia mbabula.

Miezi mitatu baadaye mwalimu anayeniongoza aliusoma mfano ule akatulia. Akasema: «Huu unaifuata kanuni yako vizuri mno. Mwandiko wa kwanza uko wapi?» Sikuwa na la kujibu. Mzee alikuwa amehamia kwa binti yake Kolwezi, na kwa simu hakuweza kukumbuka alinitamkia nini siku ile. Ilinibidi niufute mfano huo. Mpaka leo sijui kama nilifuta kosa langu au nilifuta jambo pekee jipya nililolipata katika utafiti wote.

Tangu siku hiyo nikiona picha ya ukurasa wa asili, jicho langu huenda kwanza pambizoni.

Sasa tutazame yaliyozipata kurasa hizo. Kwa miaka mingi wachapishaji waliziona kuwa takataka za kiwandani. Baada ya kitabu kupigwa chapa, karatasi ilikuwa imemaliza kazi yake. Katika ofisi za DC, wachapishaji wa Superman na Batman, kurasa zilikatwakatwa na kutupwa. Kwingine ziligawiwa wageni, au zilirundikwa stoo ambako nyingi zilitoweka bila maelezo. Wachoraji walilipwa kwa ukurasa, lakini ukurasa wenyewe hawakurudishiwa.

Wachoraji walipoanza kudai kazi zao, neno «kurudisha» lenyewe likawa uwanja wa vita. Mwaka 1984 Marvel iliwaandalia wachoraji wa zamani hati ya ukurasa mmoja ya kutia saini kabla ya kupewa kurasa zao. Kirby peke yake aliandaliwa hati ya kurasa nne. Kwa masharti yake angepewa kurasa hizo azitunze tu, lakini asiwe na haki za mwenye mali juu yake. Tena alikuwa akiahidiwa kurasa 88, ilhali alikuwa amechora zaidi ya 10,000. Alikataa. Wachoraji wenzake na wasomaji walipiga kelele, na mwaka 1987 akarudishiwa karibu 2,000. Wenzangu wa pragmatiki wakitafuta mfano wa hati ambamo kitendo cha kutoa kimeandikwa kwa namna ya kumfunga anayepokea, huo hapo.

Ni haki, basi, tuwape wakusanyaji sifa yao. Wakati ambapo mchapishaji alizikata kurasa na maktaba hazikuzitaka, vijana wasio na cheo chochote walizibeba nyumbani. Walizinunua kwa dola chache katika mikutano ya wapenzi wa katuni, wakazilinda na jua na unyevu, wakaandika orodha za nani anamiliki nini. Bila wao tusingekuwa na la kujadili leo. Hata matoleo makubwa ya miaka hii, yanayopiga picha za kurasa za asili kwa rangi na kwa ukubwa wake halisi, hutegemea wao kwa kiasi kikubwa. Mchapishaji IDW alianza mwaka 2010 na The Rocketeer ya Dave Stevens, mwaka uliofuata akatoa Thor ya Walter Simonson. Katika vitabu hivyo mtu huona penseli ya buluu, gundi iliyogeuka njano na rangi nyeupe iliyofunika kosa. Mimi nimeona kurasa chache tu za namna hiyo, kwenye kioo cha simu ya mwenzangu, na zilinifundisha mengi kuliko kitabu chenyewe.

Lakini soko lina sarufi yake, na sarufi hiyo ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kile linachokithamini. Wanaoijua biashara hii wanazijua ngazi zake. Juu kabisa ni jalada. Linafuata ukurasa wenye picha moja kubwa. Halafu kurasa za ndani ambamo shujaa amevaa vazi lake na anapigana. Chini kabisa ni kurasa ambamo watu wanazungumza tu: Peter Parker yuko jikoni na shangazi yake, hana kinyago, anatafuta uongo wa kumwambia. Yaani kadiri watu wanavyozungumza ndivyo bei inavyoshuka. Kwa mwanaisimu jambo hili linachekesha na linauma. Kurasa hizo za bei ndogo ndizo zinazoonyesha kazi ngumu ya lugha katika katuni: kiputo kipi kisomwe kwanza, pumziko liwekwe wapi, neno gani liandikwe kwa herufi nene ili msomaji alisikie, jibu liingie katika picha ileile au lisubiri picha inayofuata. Ngumi huchorwa. Kusitasita kabla ya kusema uongo kunahitaji mchoraji na mwandishi wa herufi waelewane.

Kasoro ya pili ni kuvunjwa kwa visa. Toleo lenye kurasa ishirini na kitu likiuzwa ukurasa mmoja mmoja, huleta pesa nyingi kuliko likiuzwa zima. Kwa hiyo linatawanywa. Mwaka 2014 ukurasa wa mwisho wa The Incredible Hulk namba 180, wa mwaka 1974, uliuzwa kwa dola 657,250 kwa sababu Wolverine anatokea kwa mara ya kwanza katika picha yake ya mwisho. Mchoraji wake, Herb Trimpe, alikuwa amempa kijana mmoja ukurasa huo mwaka 1983. Mwenye ukurasa alifanya uungwana: sehemu kubwa ya pesa ilikwenda kwa Hero Initiative, shirika linalowasaidia wachoraji na waandishi wa katuni wenye shida. Hata hivyo ukurasa huo ni mwisho wa kisa. Anayeutundika sebuleni ana sentensi ya mwisho bila aya.

Wapo waliofanya vinginevyo. William Gaines, mchapishaji wa EC, ambaye umaarufu wake ulitoka kwa visa vya kutisha na vya vita, si kwa mashujaa wenye nguvu za ajabu, alizihifadhi karibu kurasa zote za kampuni yake. Zilipoanza kuuzwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, ziliuzwa kisa kwa kisa, kizima. Na mwaka 2008 mtu ambaye hakutaka kutajwa aliipa Maktaba ya Bunge la Marekani kurasa zote 24 za Amazing Fantasy namba 15, ya mwaka 1962, zilizochorwa na Steve Ditko. Humo ndimo Spider-Man alimozaliwa. Kila moja ya kurasa za kisa cha Spider-Man ingemtajirisha mwenye kuiuza. Mtu huyo alizitoa zote bure, pamoja na za visa vingine vitatu vifupi vilivyomo katika toleo hilo, ambavyo watu wachache wanavikumbuka. Nadhani aliielewa matini kuliko wanunuzi wengi. Kurasa za Spider-Man peke yake zingekuwa hazina. Toleo zima ni ushahidi wa jinsi shujaa huyo alivyoingia duniani, akiwa kisa kimoja kati ya vinne.

Kuna jambo jingine linalotuhusu, nalo linatokea sasa hivi. Tangu miaka ya 1990 maneno ya katuni yamekuwa yakiandikwa kwa kompyuta. Mchoraji akimaliza ukurasa, viputo havipo. Vinawekwa baadaye juu ya picha iliyokwisha kunakiliwa. Kurasa nyingi za siku hizi zinazouzwa kama za asili hazina neno hata moja. Kuna wakusanyaji wanaofurahi, kwa sababu picha haikuzibwa. Na wachoraji wengi hawatumii tena karatasi kabisa. Atakayetaka kujua miaka hamsini ijayo ni neno gani lilibadilishwa katika kiputo, nani aliyelibadilisha na lini, atategemea mafaili ambayo huenda yamefutwa. Daftari langu la Kisanga liliungua kwa dakika chache. Faili halihitaji hata moto.

Najua msomaji ataniuliza: hayo ya Wamarekani na mamilioni yao yanatuhusu nini Lubumbashi? Jibu langu ni kwamba mji huu tayari una mfano wa kukusanya vizuri. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapa, alimchorea Johannes Fabian, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu mjini humu, mfululizo wa picha 101 za historia ya Zaire. Fabian angeweza kuchagua tano nzuri za kutundika. Alichukua mfululizo mzima, na pamoja nao akarekodi maelezo ya Tshibumba, picha baada ya picha, kwa Kiswahili cha Shaba. Juu ya turubai Tshibumba aliandika zaidi kwa Kifaransa. Kwa mdomo alieleza kwa Kiswahili. Hapo pia pana matini mbili za kisa kimoja, kama kiputo na pambizo. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini sauti yake imenukuliwa na inasomeka. Picha zenyewe ziko katika jumba la makumbusho la Wereldmuseum (zamani Tropenmuseum), Amsterdam, mbali na mji uliozizaa, na hilo lingehitaji makala yake. Ila hazikutawanywa, wala hazikutenganishwa na maneno yake.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na hakuna linalohitaji dola milioni.

La kwanza ni kwa wanaomiliki kurasa hizo. Mnaponakili ukurasa kwa mashine, nakilini pambizo na upande wa nyuma pia, na mtaje namba ya ukurasa na ya toleo. Hili halipunguzi bei hata senti moja. Mwenye kuuza kisa kipande kipande, angalau akinakili kizima kabla hajakigawa.

La pili ni kwa walimu wetu. Nakala za kurasa za Kirby zenye maelezo ya pambizoni zinaweza kufundishwa katika somo la uhakiki wa matini bila aibu yoyote. Mwanafunzi ambaye anasinzia mbele ya mswada wa karne ya 19 huenda akaamka akiona jinsi neno moja lilivyomgeuza mtu mwema kuwa mwovu, kisha akarudi kwenye mswada ule na macho mengine.

La tatu ni kwetu sisi wanafunzi. Katika miji yetu wako watu wanaochora katuni kwa mkono, na wahusika wao wanazungumza Kiswahili chetu cha kila siku, kile ambacho hatukioni mara nyingi vitabuni. Tukienda kwao, tusiombe tu kitabu kilichomalizika. Tuombe kuona karatasi ya kwanza, ile yenye maneno yaliyokatwa. Tumuulize mchoraji kwa nini alifuta hili akaandika lile, na jibu lake tuliandike palepale, kwa tarehe. Na tukirudi nyumbani tusilinakili kwa wino.

Mwenzangu aliuliza kwa nini karatasi ya mtu asiyekuwapo ina thamani. Siku nyingine tukisubiri somo nitamjibu kwamba Spider-Man hayuko, ni kweli, lakini aliyefuta neno pale pembeni alikuwapo, na alama ya mkono wake bado inaonekana.